Nilifuta Video za Harusi Bure

Mwaka 2016 nilipanga chumba Igombe, jirani na mwalo, mahali ambapo harufu ya dagaa huingia mpaka kwenye shuka. Laptopu yangu ya mtumba ilikuwa na ramu (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ya GB 2 na mfumo endeshi wa Linux niliouweka mwenyewe. Usiku huo nilikuwa nakompaili programu moja ya ramani, yaani kuigeuza kutoka msimbo iwe kitu ambacho kompyuta inaweza kuendesha, maana toleo nililolitaka halikupatikana likiwa tayari.

Ikaenda zaidi ya saa nzima, ikafika asilimia 71, ikakatika. Kosa lenyewe: kifaa hakina nafasi. Nikaamini, nani asingeamini? Nikafuta filamu. Nikaanzisha tena, ikafia palepale. Nikafuta muziki. Saa saba usiku nikafuta video za harusi ya dada yangu kule Ukerewe, zile ambazo bibi anacheza huku ameshika kiatu kimoja mkononi. Ikafia palepale.

Asubuhi nikampigia kaka mmoja wa Nyegezi aliyewahi kunifundisha.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umeandika df -h?"

Nikaandika amri hiyo, inayoonyesha nafasi iliyobaki. Diski ilikuwa na GB 40 tupu. /tmp, folda ya mafaili ya muda, ilikuwa imetumika asilimia 2 tu.

"Unaangalia maiti," akasema. "Iangalie ikiwa hai."

Nikafungua terminali ya pili, nikaweka watch df -h /tmp ili nafasi ya /tmp ionyeshwe upya kila mara, nikakompaili upya. Namba ikapanda: 40, 68, 91, 100. Kosa likatokea, na papo hapo namba ikarudi 2. Kumbe GCC, programu inayofanya kazi ya kukompaili, ikishindwa hufuta mafaili yake ya muda kabla ya kuondoka! Nikachungulia dirishani, akina mama walikuwa wanaanika dagaa. Ukifika mwaloni jioni, dagaa wameshaanuliwa, utaapa kwamba uwanja ni mtupu. Njoo saa tatu asubuhi baada ya usiku wa giza, wakati mitumbwi ya karabai imesharudi, hupati pa kukanyaga.

Kaka akanieleza kilichobaki. Kwenye mfumo wangu /tmp haikuwa kwenye diski hata kidogo. Ilikuwa tmpfs, aina ya hifadhi inayokaa kwenye ramu, na usipoipangia ukubwa hujichukulia kikomo cha nusu ya ramu yote. Kwangu mimi, GB 1. Na kwa pupa yangu nilikuwa nimeandika make -j4, kazi nne kwa mpigo, zote zikimwaga mafaili humo humo. Kufuta filamu ilikuwa sawa na kufagia uwanja wa jirani ili nianike dagaa wangu kwangu.

Dawa yenyewe, kuhamishia mafaili ya muda kwenye folda ya diski na kupunguza kazi ziwe mbili, haikuzidi mistari mitatu:

mkdir ~/muda
export TMPDIR=~/muda
make -j2

Ikapita 71 bila hata kusita. Nilikunywa chai nikiitazama, nina hasira kuliko furaha.

Jumapili dada akapiga. "Mdogo wangu, zile video za bibi bado unazo? Watoto wanazitaka."

Nikamwambia mtandao wa Igombe unasumbua.