Siku moja maishani mwangu: kuipima kingamwili ya CDX2 kwenye tishu za utumbo

Saa moja na nusu asubuhi naanza na friji. Kipimajoto kinasoma nyuzi 4, ndipo ninapotoa kichupa kipya cha kingamwili ya CDX2, yaani protini inayojishika kwenye CDX2 ndani ya tishu ili tuipe rangi na kuiona. Bechi ya zamani inakaribia kwisha, na mpya haigusi sampuli ya mgonjwa yeyote kabla sijailinganisha na ile. Wapo wanaosoma karatasi iliyokuja na kichupa wakaendelea na kazi. Sikubaliani nao hata kidogo. Ile karatasi inaeleza tishu za mtengenezaji, zilizohifadhiwa na kupikwa kwake.

CDX2 ni protini inayokaa ndani ya kiini cha seli na kuwasha jeni zinazoifanya seli iwe ya utumbo. Seli za utando wa ndani wa utumbo wote, mwembamba na mpana, zinayo. Za mfuko wa tumbo wenye afya hazina. Basi uvimbe ukionekana kwenye ini na daktari akataka kujua chanzo chake, CDX2 huwa miongoni mwa vipimo vya kwanza kuombwa. Tukimpa jibu lisilo sahihi, mgonjwa atatafutiwa saratani mahali isipokuwepo.

Saa mbili niko kwenye mikrotomu, mashine ya kukata vipande vyembamba vya tishu. Vibloku vya parafini, yaani tishu zilizozamishwa kwenye nta, vimepoa juu ya barafu: kidole tumbo, kongosho na tonsili. Nakata vipande vya mikromita 4, naviweka juu ya maji ya uvuguvugu vijinyooshe, kisha navipokea kwa slaidi. Utumbo hauna subira. Damu ikishaacha kupita, vimeng'enya na bakteria wake huanza kuutafuna, na tishu iliyochelewa kutiwa kwenye formalini, dawa ya kuihifadhi, hujitambulisha yenyewe: utando umepukutika, na hakuna kingamwili itakayourudisha.

Saa tatu slaidi zinaingia kwenye oveni ya nyuzi 60 kwa muda wa saa moja. Naandaa bafa, maji yenye pH isiyobadilika kirahisi, na kujaza daftari.

Saa nne zinapita kwenye zailini kuondoa nta, halafu alkoholi, halafu maji. Kisha kinafuata kitu ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii. Formalini huhifadhi tishu kwa kuzifunga protini kwa vifungo vya kemikali, na vifungo hivyo huifunika ile sehemu ambayo kingamwili inapaswa kuishika. Mwaka 1991 Shan-Rong Shi na wenzake walionyesha kwamba joto kali linaweza kuifunua tena. Kabla ya hapo protini nyingi zilikuwemo kwenye vibloku lakini hazikuonekana. Kwa CDX2 natumia bafa ya pH 9, karibu na kiwango cha kuchemka, dakika 20, kisha naacha zipoe taratibu.

Saa tano na nusu, wakati naweka peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 3, kijana anayejifunza kwetu ananiuliza: “Dada, mbona hatutumii ile rangi nyekundu ya fosfatasi? Mimi naiona inang'aa zaidi.”

Swali zuri. Rangi hiyo huletwa na kimeng'enya kiitwacho fosfatasi alkalini, na utumbo una yake mwenyewe. Levamisoli, inayozima kimeng'enya hicho kwenye tishu nyingine, haiizimi ile ya utumbo. Kwenye vipande vya parafini vilivyopikwa, sehemu kubwa ya kimeng'enya huwa imeshakufa, lakini kwenye vipande vilivyogandishwa unaweza kupata wekundu ambao kingamwili haikuuleta. Peroksidasi, kimeng'enya tunachotumia sisi kuleta rangi ya kahawia, nayo imo kwenye eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, na kuta za utumbo zinazo nyingi. Tofauti ni kwamba hiyo tunaweza kuizima, na ndiyo kazi ya peroksidi hii.

Saa sita namimina kingamwili. Bechi ya zamani kwa 1:200, yaani sehemu moja ya kingamwili katika 200, kipimo chake cha kila siku; mpya kwa 1:50, 1:100, 1:200 na 1:400. Slaidi moja ya kila tishu inapata bafa tupu, ili kahawia yoyote itakayotokea pale tujue haikutoka kwenye CDX2. Nusu saa kwenye kisanduku chenye unyevu, kuosha, kingamwili ya pili inayobeba peroksidasi, DAB inayotoa kahawia, hematoksilini inayotia viini buluu, kifuniko.

Saa tisa alasiri naketi kwenye hadubini. Kidole tumbo ni kizuri kila mahali: viini vya kahawia, mpaka kwenye 1:400. Hapo ndipo wengi husimama na kutia saini, na hapo ndipo hatari ilipo. Kidole tumbo kina CDX2 nyingi mno. Hata kingamwili dhaifu itaiona. Ukweli uko kwenye kongosho, ambako seli za mirija zinayo kidogo tu. Bechi ya zamani inazionyesha, rangi hafifu lakini ya wazi. Mpya kwa 1:200 haionyeshi karibu chochote. Kwa 1:100 viini vinajitokeza sawasawa, na tonsili, isiyopaswa kuwa na rangi, ni safi. Kwa 1:50 saitoplazimu, sehemu ya seli iliyo nje ya kiini, nayo imeanza kuchafuka. Saratani iliyopoteza sehemu ya CDX2 yake ingefanana na ile mirija, nasi kwa 1:200 tungeiita hasi.

Saa kumi daktari anakuja kutazama. Anakaa kwenye kongosho muda mrefu, hasemi kitu.

“Dokta, mimi nasema 1:100.”

“Nami pia. Andika.”

Ana sampuli ya ini inayosubiri. Itapimwa kesho kwa bechi hii, pamoja na keratini 7 na keratini 20, protini nyingine zinazosaidia kutambua chanzo cha saratani, kwa sababu saratani za mfuko wa tumbo na za kongosho nazo huweza kuonyesha CDX2. Nabandika kipimo kipya kwenye kichupa, namwaga mabaki ya DAB kwenye chombo chake cha taka za sumu, na kuweka slaidi za kongosho mbele kabisa ya trei, ziwe za kwanza kutazamwa bechi nyingine ikija.