Koroneri si korona

Simu kutoka Indiana, Marekani, iliingia saa tisa usiku. Binamu alisema Mjomba amepatikana amefariki peke yake nyumbani kwake, na mwili uko kwa koroneri wa kaunti. Mama akaruka: "Korona? Si hiyo iliisha?"

Kesho yake, kwenye kikao cha mazishi hapa Umoja, Nairobi, nikapewa kazi ya kueleza. Koroneri wa huko, nikasema, ni afisa wa kuchunguza vifo; huchaguliwa kwa kura kila baada ya miaka 4, na si lazima awe daktari.

"Kama MCA, mjumbe wetu wa bunge la kaunti?" akauliza Mjomba Mkubwa, aliyekuwa ameingia na basi la asubuhi kutoka Kitale.

"Kama MCA, ila huyu kazi yake ni maiti."

Hakucheka. Alichotaka kujua ni nani kamruhusu mtu huyo ampasue mdogo wake. Hapo ndipo palikuwa pagumu. Mtu akifa ghafla bila shahidi, au kwa ajali, au kifo kikitiliwa shaka, koroneri anauchukua mwili na anaweza kuagiza upasuaji hata familia ikikataa. Kisha aandike chanzo cha kifo na namna yake: cha kawaida, ajali, kujiua, kuuawa, au haikujulikana. Hata akiandika "kuuawa", hajamhukumu mtu. Hiyo ni kazi ya mahakama. Nilipotaja kwamba Indiana ikitolewa waranti ya kumkamata sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, koroneri ndiye humpelekea, Mjomba Mkubwa akatulia kidogo. Akaomba chai.

Sisi Wakenya tuna kaunti 47, lakini kazi hiyo imekuwa ya polisi na hakimu. Kifungu cha 386 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinamtaka OCS, mkuu wa kituo cha polisi, amjulishe hakimu kuhusu kifo cha namna hiyo. Aliyefia mikononi mwa polisi, hakimu hana hiari, lazima achunguze. Anaweza hata kuamuru kaburi lifukuliwe. Bunge lilipitisha sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya makoroneri mwaka 2017. Binafsi sitaki wa kupigiwa kura. Naona tayari mabango yake pale Mutindwa. Nilichoonea wivu ni ile nambari moja ya simu ya ofisi ya koroneri, ambayo ukipiga mtu anapokea.

Siku ya sita koroneri alitupigia mwenyewe. Moyo. Kifo cha kawaida. Mama akaniambia nimuulize kama Mjomba alikuwa kitandani au sakafuni. Tukasikia karatasi zikifunuliwa.

Kwenye kiti, akasema. Viatu vikiwa miguuni.

"Mwambie asante," Mama akasema.