Karagwe, malaria na tone la damu kwenye karatasi

Dawa mseto ya malaria ikianza kuchelewa kusafisha vimelea, mgonjwa mwenyewe hajui. Homa inashuka, anarudi shambani. Kinachobadilika kiko kwenye damu ya siku ya tatu: vimelea vilivyotakiwa kuwa vimekwisha bado vinaonekana kwenye darubini. Kitaalamu huo ni usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa hiyo, na mkoani Kagera, Tanzania, hasa Karagwe, umeshathibitika. Alama yake ilisomwa kwenye vinasaba vya kimelea.

Alama hiyo inaitwa R561H. Iko kwenye jeni ya kelch13, ambayo hutengeneza protini yenye asidi amino 726. Kwenye nafasi ya 561, ajinini imeondoka na histidini imekaa mahali pake. Herufi moja tu imebadilika katika jenomu ya Plasmodium falciparum yenye herufi milioni 23 hivi. Lakini kazi yake ni kubwa. Artemisinini huamshwa na mabaki ya himoglobini, protini nyekundu ya damu, ambayo kimelea kimekula, na kimelea chenye kelch13 iliyobadilika, kikiwa bado kichanga katika hatua ya pete, hula himoglobini kidogo. Dawa inaingia, haipati cha kuiamsha, na baadhi ya vimelea vinaipisha mpaka iishe mwilini.

Wengi hudhani usugu huu umeletwa na wasafiri kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Vinasaba vinakataa. Watafiti husoma pia vipande vilivyo jirani na kelch13, kwa sababu vimelea vya ukoo mmoja hurithishana vipande hivyo pamoja. R561H ya Rwanda, iliyopatikana Masaka kwenye sampuli zilizokusanywa kuanzia 2014, haina majirani wa Asia. Imezaliwa huku huku kwetu, na vimelea vya Kagera vina undugu na vya Rwanda. Kwa hiyo kukagua watu kwenye viwanja vya ndege hakuwezi kutuokoa. Kazi iko kwenye matumizi ya dawa: mgonjwa amalize dozi zote sita za ALu, dawa mseto yenye artemisinini, kwa siku tatu, na mpango wa taifa uwe na dawa mseto zaidi ya moja ili kimelea kisizoee moja.

Sasa, sampuli. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na mashine ya mamilioni haiwezi kurekebisha. Futa kidole kwa spiriti, subiri kikauke kabisa, toboa, pangusa tone la kwanza. Usikikamue kidole: ukikikamua, majimaji ya mwilini yanaizimua damu na vimelea vinakuwa vichache. Acha tone lidondoke lenyewe katikati ya duara la karatasi ya kuchujia, mikrolita 50 hivi, bila ngozi kugusa karatasi. Usiongeze tone juu ya tone. Andika namba kwa penseli, maana wino huyeyuka na kusambaa. Kausha kivulini kwa saa tatu au zaidi; msimu wa masika iache ilale mpaka asubuhi. Kisha kila karatasi iingie kwenye mfuko wake wa plastiki unaofungwa, pamoja na chembe za silika zinazobadili rangi zikishiba unyevu. Zikibadilika, zibadilishe siku hiyo hiyo. Karatasi iliyofungwa mbichi huota ukungu, na ukungu hula vinasaba.

Hata karatasi nzuri ina tatizo lake. Mikrolita moja ya damu ina seli nyeupe maelfu kadhaa, kila moja ikiwa na jenomu nzima ya binadamu. Mgonjwa akiwa na vimelea 100 kwa mikrolita, kila herufi ya kimelea imefunikwa na herufi za mtu zaidi ya 10,000. Ndiyo maana maabara haisomi kila kitu. Hupima kwanza wingi wa vimelea kwa PCR, njia ya kunakili vinasaba mara nyingi mpaka vipimike, halafu hunakilisha vipande vinavyotakiwa tu.

Wingi huo una maana zaidi karatasi hizo zikitumika kuchunguza tatizo jingine, kimelea kupoteza jeni ya hrp2. Vipimo vingi vya mRDT, yaani vipimo vya haraka vya malaria, hutafuta protini ya jeni hiyo, na kimelea kilichoipoteza jeni huonyesha "hana malaria" kwa mtu anayeumwa. Lakini kusema jeni haipo ni kusema hujaona kitu, na kwenye sampuli dhaifu huoni chochote. Mtafiti makini hahesabu sampuli mpaka jeni nyingine yenye nakala moja, kama msp1 au msp2, ionekane vizuri kwenye damu ile ile. Kosa la upande wa pili nalo lipo: mtu akiwa na vimelea vya aina mbili, kile chenye hrp2 hukificha kile kisicho nayo.

Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa 5%: vimelea visivyo na hrp2 vikiwafanya wagonjwa wengi kiasi hicho wapate majibu hasi ya uongo, nchi ibadili kipimo. Eritrea ilibadili 2016. Vipimo mbadala vinavyotafuta pLDH, protini nyingine ya kimelea, kwa kawaida hukosa vimelea vichache na huvumilia joto kidogo kuliko vya hrp2, kwa hiyo zahanati isiyo na feni wala umeme inapaswa kufikiriwa kabla ya kuagiza.