Kumbukumbu ya Ligi Yetu ya Mpira wa Wiffle: Kipindi cha Baridi

Novemba

Dirisha la usajili limefunguliwa. Katika ligi yetu ndogo ya Wiffle, mchezo wa jamii ya besiboli ambapo mrushaji humrushia mpigaji mpira mwepesi wa plastiki wenye matundu, hapa Lowell, Massachusetts, Marekani, hakuna anayelipwa hata senti, na ada ya uhamisho ni chakula cha jioni ambacho timu inayompata mchezaji huiandalia timu inayomwacha. Ndiyo maana habari za nahodha wa timu ya wauguzi, aliyejiunga na mafundi bomba baada ya zamu yake mpya ya usiku kugongana na mazoezi ya wenzake, zimejadiliwa kwa hoja za pilau kuliko za takwimu. Timu mbili za mwisho kwenye msimamo zimeungana, hatua ambayo naiona ya busara, kwa kuwa kila moja ilikuwa ikija uwanjani na wachezaji watatu na visingizio vingi.

Habari nzito ni nyingine. Kamati imeniagiza mimi, katibu, niandike rasimu ya kanuni kuhusu mipira iliyokwaruzwa, na vilevile nitengeneze mbao mpya za shabaha zinazosimama nyuma ya mpigaji. Chanzo chake ni fainali ya Septemba, ambapo mrushaji wa mabingwa alikuja na mfuko wa mipira yake mwenyewe, kila mmoja ukiwa umesuguliwa kwa msasa hadi kupoteza mng'ao, na wapigaji wa upande wa pili wakawa wanarudi benchi mmoja baada ya mwenzake bila gongo kugusa kitu. Hakuvunja kanuni yoyote, maana hatukuwa nayo.

Desemba

Kabla ya kuandika kifungu hata kimoja nimeona nirudi kwenye asili ya mchezo, kwa sababu katika mabishano yetu kila mtu anadai kutetea asili hiyo. Mwaka 1953, mjini Fairfield, Connecticut, David N. Mullany alimwona mwanawe wa miaka 12 akicheza na rafiki zake kwa mpira wa gofu wa plastiki wenye matundu na mpini wa ufagio. Kijana alikuwa akijilazimisha kuupinda mpira angani, na jioni mkono ulikuwa ukimuuma. Baba yake, ambaye aliwahi kuwa mrushaji wa besiboli, alichukua vifungashio vya manukato vya plastiki vyenye umbo la mpira na kuvitoboa kwa mitindo mbalimbali, wakavijaribu pamoja mpaka wakapata ule uliopinda vizuri: matundu manane marefu katika nusu moja, na nusu ya pili isiyo na tundu lolote. Kiwanda cha familia hiyo kiko Shelton, katika jimbo hilohilo, na mpangilio wa matundu ni uleule.

Hapo ndipo msimamo wangu unapoanzia. Mpira huu ulibuniwa ili mtoto asiye na nguvu aweze kurusha kona, yaani mrusho unaopinda angani, ambayo mtu mzima wa besiboli huitafuta kwa miaka. Kona imo ndani ya mpira tayari tangu kiwandani. Anayeongeza msasa juu ya matundu anampunguzia mpigaji nafasi ambayo mbuni alimwachia, na mchezo ambao kanuni zake za awali zinatosheka na watu wawili, mrushaji na mpigaji, hauwezi kusimama kwa mguu mmoja.

Januari

Theluji imefunika uwanja, nasi tumeazima ukumbi wa chini wa kanisa kwa majaribio. Nilifika na mipira mipya pamoja na ile ya fainali, na nikamwomba mrushaji mwenyewe aje, kwani sikutaka kanuni iandikwe bila yeye. Alikuja na msasa wake mfukoni, akaketi kwenye kiti cha plastiki na kutuonyesha kazi. Hasugui ovyo. Nusu isiyo na matundu huipitia kwa mizunguko midogo, kisha huchora mistari kwa ncha ya kisu, halafu hupuliza vumbi jeupe na kupapasa kwa kidole gumba kutafuta sehemu iliyobaki laini. Kingo za matundu hazigusi kabisa, kwa sababu plastiki hupasuka kuanzia hapo, hasa wakati wa baridi.

Tofauti ilionekana kwa macho. Mpira mpya ulipinda, lakini mara nyingine ulipinda zaidi ya alivyotaka na mara nyingine ukazubaa katikati ya safari. Ule uliokwaruzwa ulimtii. Sababu imechunguzwa katika chuo cha Lafayette, Pennsylvania, ambako Jenn Rossmann na Andrew Rau waliuweka mpira huu kwenye handaki la upepo, yaani njia ya majaribio inayopulizwa hewa, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2007. Walionyesha kwamba kuna mikondo miwili inayoshindana: hewa inayopita nje ya mpira, ambayo hukutana na uso laini upande mmoja na matundu upande wa pili, na hewa inayoingia ndani kupitia matundu na kuzunguka humo. Mpira hupinda kulingana na mkondo uliotawala, na hilo hutegemea kasi pamoja na namna matundu yalivyoelekezwa. Mikwaruzo hubadilisha jinsi hewa ya nje inavyoushika uso wa mpira, na mrushaji aliyezoea mpira wake hujua mapema utaelekea wapi.

Tulipokuwa tukikusanya mipira, mrushaji alinigeukia, akihofia boli, yaani mirusho inayokosa shabaha, ambazo kwetu zikifika nne mpigaji hupewa besi ya kwanza bure. "Mzee katibu, mkininyang'anya msasa, zile boli nne nne nitakazotoa mtaziweka wapi? Watu watakuja kutazama wapigaji wakitembea kwenda besi ya kwanza?"

Hoja hiyo ina uzito, nami nimeipa nafasi yake katika rasimu. Katika kanuni za awali hakuna besi ya bure kwa boli nne, na wala hakuna anayekimbia: mpira unahesabiwa kwa eneo ulipoangukia, na wakimbiaji ni wa kufikirika. Sisi tuliongeza boli nne miaka iliyopita ili kuwaharakisha warushaji waliokuwa wakipoteza muda. Tukipiga marufuku msasa bila kugusa kanuni hiyo, tutakuwa tumemwadhibu mrushaji mara mbili. Napendekeza basi boli ziwe sita.

Februari

Mbao za shabaha zimechukua muda kuliko kanuni, na nakiri nimezifurahia zaidi. Hatuna mwamuzi, hivyo ubao uliosimama nyuma ya mpigaji ndio unaoamua: mpira ukiugusa ni straiki, yaani hesabu dhidi ya mpigaji, ukipita pembeni ni boli. Mbao za zamani zilikuwa kitambaa kilichofungwa kwenye fremu ya mabomba ya plastiki, na kila wiki kulikuwa na ugomvi kuhusu mpira uliopita karibu sana na ukingo. Safari hii nimetumia bati la alumini lenye upana wa sentimita 61 na urefu wa sentimita 76, likiwa juu ya miguu ya sentimita 33. Bati lina sauti. Mpira ukigusa ukingo wake unalia kwa mlio mwembamba unaosikika hadi kwenye uzio, na mpigaji hana la kubisha.

Ugumu ulikuwa kwenye miguu. Bati likikazwa moja kwa moja kwenye fremu, mpira unarudi kwa kasi kuelekea visigino vya mpigaji. Likining'inizwa huru, upepo wa Mto Merrimack unalichezesha na kulifanya litoe kelele za uongo. Nimeweka vipande vya mpira wa tairi la baiskeli kati ya bati na skrubu, na hadi sasa matokeo ni mazuri. Mfuko wa mchanga kwenye kila mguu unatosha kuuzuia usianguke.

Machi

Rasimu imesambazwa kwa manahodha. Mipira yote itatolewa na ligi, itakaa kwenye ndoo moja nyuma ya mrushaji, na warushaji wa pande zote mbili watachota humohumo. Mpira utakaochakaa kwa kucheza utabaki ndooni, kwa kuwa mikwaruzo ya lami na uzio inawapata wote kwa usawa. Atakayekutwa na msasa au kisu ataondolewa kwenye urushaji kwa mechi hiyo, ingawa ataruhusiwa kupiga.

Wapo waliotaka tuweke pia kikomo cha kasi, kwa kipimo cha rada. Nimekataa kuingiza jambo hilo. Ligi za ushindani mkali zina sababu zao, lakini kwetu rada ingehitaji mtu wa kuishika na mwingine wa kumbishia, na tayari hatuna watu wa kutosha kufuta uwanja baada ya mvua.

Kura ni Jumamosi ya kwanza ya Aprili. Timu ya wauguzi na ile iliyoungana zimesema zitaunga mkono. Mafundi bomba wanataka ndoo mbili, kila timu na yake, pendekezo ambalo nitalipinga waziwazi, kwa kuwa mwaka jana pia kila timu ilikuja na mipira yake.