Tafakari ya Juma: Anayetunga na Anayeshuhudia

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Juma hili limenipita nikiwa sakafuni na katoni ya vitabu. Ndugu yetu mmoja aliyehamia Nakuru ametuletea vitabu vya maktaba ya vijana, na wazee wakaniomba nivipekue kabla havijapangwa, nitoe visivyofaa. Mzee aliyeileta katoni alinipa na mwongozo pale mlangoni: "Mwalimu, hizi za bastola na majasusi toa zote. Za ushuhuda ziache."

Nimefanya karibu kinyume cha alivyosema. Za bastola ziko kwenye rafu. Ya ushuhuda moja, ambayo najua wengine wenu mliisoma mkatokwa na machozi, nimeitoa. Mzee hajafurahi, na mimi mwenyewe nimelala vibaya nikijiuliza kama huu si ukaidi tu wa mtu anayependa riwaya za kusisimua. Maana nazipenda, sitaficha. Nikianza moja jioni, ugali unaungua.

Tuanze na hizo za bastola. Ndani ya katoni mlikuwa na vitabu kadhaa vya James Hadley Chase, na waliosoma shule za bweni enzi zetu wanamkumbuka, maana alisomwa chini ya dawati huku mwalimu akidhani ni jiografia. Mtu huyu alikuwa Mwingereza, jina lake halisi René Raymond, mzaliwa wa London mwaka 1906. Ile Marekani yake ya majambazi na magari marefu aliiandika akiwa na ramani na kamusi ya lugha ya mitaani. Marekani yenyewe aliifikia kwa nadra sana. Je, alitudanganya? Sioni hivyo. Jalada linasema ni riwaya, nami nimelipa nauli yangu nikijua gari linakwenda wapi. Hakuna mtu wa Mbale wala Chavakali aliyewahi kuuza ng'ombe kwa sababu ya Chase.

Mwingine mle alikuwa Frederick Forsyth, The Day of the Jackal, ya mwaka 1971, kuhusu muuaji wa kukodiwa aliyetumwa kumwua Rais de Gaulle wa Ufaransa. De Gaulle alikuwa amekwisha kufa nyumbani kwake Novemba 1970. Kila aliyeinunua alijua muuaji atakosa shabaha, na bado watu walikesha nayo. Forsyth alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kuwa mtunzi, na inaonekana: njama ya kumwua de Gaulle pale Petit-Clamart mwezi Agosti 1962 ilitokea kweli, na ile hila ya kupata pasipoti kwa jina la mtoto aliyekufa zamani ilikuwa mwanya halisi katika serikali ya Uingereza. Nimesoma vitabu vinavyojiita vya kweli ambavyo havikufanyiwa nusu ya utafiti huo.

Bwana wetu mwenyewe alitunga. Hakuna aliyemwuliza jina la yule mwenye nyumba ya wageni kwenye njia ya Yeriko, wala aliyekwenda kumtafuta mwana mpotevu ahakikishe kama kweli alilisha nguruwe. Walielewa ni mfano. Na anayesema kusisimuka ni dhambi akasome Waamuzi 3, Ehudi na upanga wake kwenye paja la kuume, milango imefungwa kwa ndani, watumishi wanangoja hadi wanaona haya. Halafu afungue Matendo 23: watu zaidi ya arobaini wameapa kutokula wala kunywa mpaka wamwue Paulo, mpwa wake anasikia habari ya kumvizia, jemadari anamshika kijana mkono na kumpeleka kando, na saa tatu ya usiku askari mia mbili, wapanda farasi sabini na wenye mikuki mia mbili wanatoka naye. Ukimpa mtunzi wa riwaya hiyo sura hana cha kuongeza.

Ila hapo ndipo njia zinapoachana. Luka hakutuambia anatunga. Alianza kitabu chake cha kwanza kwa kumwahidi Theofilo kwamba amejitafutia usahihi wa mambo yote tangu mwanzo, ili apate kujua hakika. Akishatoa ahadi hiyo, wale askari mia mbili lazima wawe mia mbili. Petro naye anasema hawakufuata hadithi zilizotungwa kwa werevu. Werevu wa kutunga haukuwa kosa. Kosa ni kuuvalisha joho la shahidi.

Sisi Marafiki, yaani Wakweka, tuna historia na jambo hili. Wale wa kwanza kule Uingereza, karne ya 17, walizikwepa riwaya. Kwao kutunga jambo lisilotokea kulikaribia mno kusema uongo. Watu hao hao walikataa kuapa mahakamani, wakitegemea Mathayo 5, kwa kuwa anayeapa kusema kweli leo anakubali kwamba jana alikuwa na ruhusa ya kudanganya. Walifungwa kwa ajili hiyo. Mwaka 1662 ilipitishwa sheria ya kuwaadhibu, na ni mwaka 1696 ndipo bunge lilipowaruhusu kuthibitisha bila kiapo. Hata dukani walitaja bei moja tu, kwa sababu kudai mia kwa kitu utakachokitoa kwa sitini waliona ni uongo. (Kwenye soko letu la Luanda wangelia.) Wamisionari waliotuletea imani hii Kaimosi mwaka 1902 ni wa ukoo huo. Kuhusu riwaya nadhani mababu hao walipita kiasi. Kuhusu shahidi, sisi ndio tumelegea.

Riwaya moja tu niliisitasitia, The Da Vinci Code ya Dan Brown, ya mwaka 2003. Si kwa sababu ya ubishi wake juu ya Bwana, vijana wetu wana meno ya kuutafuna. Ni kwa sababu ya ukurasa wa mwanzo unaodai, chini ya kichwa kinachosema huo ni ukweli, kwamba jumuiya ya siri inayotajwa ipo kweli tangu mwaka 1099. Ukweli ni kwamba jumuiya hiyo ilisajiliwa Ufaransa mwaka 1956 na mtu aitwaye Pierre Plantard, na hati za kuipa ukongwe zilighushiwa na kupenyezwa kwenye maktaba ya taifa kule Paris. Nimeibakiza, na nimebandika karatasi ndani inayoeleza hayo.

Sasa kile nilichokitoa. Ni The Boy Who Came Back from Heaven, kilichotoka mwaka 2010. Mtoto wa Kimarekani wa miaka sita, Alex Malarkey, aliumia vibaya katika ajali ya gari mwaka 2004, akazirai kwa muda mrefu, akabaki amepooza. Kitabu, chenye jina lake na la baba yake, kikasimulia alivyokwenda mbinguni na kurudi. Kikauzwa kwa wingi mno, na nakala zake zikafika hata huku kwetu. Januari 2015 Alex mwenyewe, akiwa kijana, aliandika barua ya wazi kwa wauzaji wa vitabu vya Kikristo. Alisema hakufa, hakwenda mbinguni. Alisema hivyo akiwa mtoto kwa kuwa alidhani atapata kuangaliwa. Akaongeza kwamba watu wamefaidika kwa uongo, nao wasome Biblia, inatosha. Mchapishaji akakiondoa sokoni. Simrushii mtoto yule jiwe hata dogo. Katika habari yote hii ushuhuda ulio bora kuliko wote ni ile barua, na aliiandika angali amepooza.

Nilipomweleza mzee, alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo limenikaa tumboni juma zima: "Lakini Mwalimu, watu walibarikiwa."

Wapendwa, hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Tunaamini moyoni kwamba Mungu anahitaji kusaidiwa kidogo. Kwamba alichotenda hakitoshi kuwasimamisha watu vitini, kwa hiyo tumwongezee chumvi, na kwa kuwa nia ni njema, yeye atafumba macho. Ayubu aliwakemea rafiki zake kwa hilo hilo, sura ya 13: mtanena yasiyo haki kwa ajili ya Mungu? Mtamdanganyia yeye? Na mwisho wa kitabu, walioghadhibikiwa ni wao, watetezi wa Mungu, wala si Ayubu aliyelalamika.

Mlinganishe yule mtoto na Paulo. Paulo alinyakuliwa hadi mbingu ya tatu. Alinyamaza miaka kumi na minne. Alipolazimika kusema, alisema: kama alikuwa katika mwili, sijui, kama alikuwa nje ya mwili, sijui, Mungu ajua. Rangi ya malango haipo, wala urefu wa malaika. Halafu anatoa sababu ambayo ningetaka kila anayeshika kipaza sauti Jumapili aisome kabla ya kupanda: anajizuia, mtu asije akamhesabia zaidi ya anayoyaona kwake au kuyasikia kwake. Mtume anaogopa kukuzwa! Sisi tunaogopa nini? Tunaogopa kushuka jukwaani bila watu kupiga vigelegele.

Simtaji mtu, nataja mtindo, na mtindo mnaujua. Jumapili ya kwanza: nilikuwa na malaria kali, kanisa likaniombea, namshukuru Mungu nimepona. Amina, huo ni ushuhuda. Kwenye kesha la mwezi unaofuata, madaktari wamekata tamaa. Ukifika mkutano wa mwaka, shuka imekwisha kuvutwa usoni na muuguzi anaita watu wa mochari. Malaria ni ile ile. Ile sindano na vidonge vya siku tatu vimepotea njiani, na dada wa maabara aliyekesha na damu yako kwenye darubini hana hata shukrani.

Mnasema hakuna anayeumia. Anaumia yule aliyekaa kiti cha nyuma, ana kisukari, au anameza dawa za virusi, anakusikia ukisema "niliacha dawa zote nikamtegemea Yesu," wakati wewe hukuacha, uliruka siku mbili. Yeye anakwenda nyumbani anaacha kweli. Nyote mnajua tumezika watu wa namna hiyo. Anaumia pia yule aliyeombewa na hakupona. Anajipima kwa kipimo ulichokichonga wewe, anajiona imani yake ni hafifu, kumbe anashindana na kitu ambacho hakikutokea.

Anania na Safira waliuza shamba kweli. Walitoa fedha kweli. Petro anakiri kwamba mali ilikuwa yao na wangeweza kubaki nayo yote. Walichozidisha ni kiasi tu, ili waonekane wamefika alipofika Barnaba, aliyeuza shamba lake akaleta fedha. "Hukumwambia uongo mwanadamu, bali Mungu." Fikiria: mbele ya Roho Mtakatifu, nusu ya bei ikitajwa kama nusu ingepokelewa kwa furaha.

Na tukidhani wanaochunguza ni maadui wa imani, si hivyo. Miaka ya sabini Mmarekani mmoja, Mike Warnke, alitoa kitabu akidai alikuwa kuhani mkuu wa Shetani mwenye wafuasi 1,500. Makanisa yakamjaza hela. Waliomfichua mwaka 1992, kwa kuwatafuta rafiki zake wa chuoni mmoja mmoja, ni jarida la Kikristo la Chicago, Cornerstone. Ni watu wa nyumba ya imani waliofagia nyumba yao. Hapa kwetu nani hufagia? Mgeni akija na simulizi la mji ulio chini ya ziwa na bidhaa za mashetani, tunamtandikia kitambaa mezani na kumchangia nauli, na hakuna hata mmoja anayeuliza: ilikuwa mwaka gani, ulikuwa na nani?

Basi nawasihi, wapendwa wangu, kwa upendo wote. Ukiitwa kushuhudia, sema lile dogo lililotokea. Kama homa ilishuka polepole, sema polepole. Taja vidonge. Taja jirani aliyekubeba kwa pikipiki usiku na hakudai hela ya mafuta. Usipokumbuka, sema hukumbuki. Paulo alisema sijui mara mbili na barua yake bado tunaisoma. Na kama watu hawakupiga vigelegele, keti. Mungu alisikia.

Nina neno moja bado, kwa kuwa Jumamosi tuna mazishi tena. Kitabu cha kweli ambacho kila familia ya hapa huandika, hata isiyosoma, ni wasifu wa marehemu. Huko ndiko tunakotunga kuliko Chase. Baba aliyewakimbia watoto anakuwa "nguzo ya familia", na watoto hao wamekaa mstari wa mbele wakisikia. Sisemi tumwage siri za nyumba kaburini. Someni Daudi alivyomlilia Sauli. Mtu yule alimtupia mkuki, akamwinda milimani kama kware. Daudi hakuutaja mkuki. Lakini hakudai pia kwamba Sauli alimpenda. Alisema Sauli na Yonathani walikuwa wepesi kuliko tai, hodari kuliko simba, na kwamba Sauli aliwavika mabinti za Israeli mavazi mekundu. Ndivyo ilivyokuwa. Alipofika kwa Yonathani ndipo akasema upendo, kwa sababu huko ulikuwako.

Wanaoandika wasifu wa Jumamosi hii wasome wimbo huo kwanza, 2 Samueli 1, kuanzia aya ya 19. Wakitaka mtu wa kuupitia kabla haujapelekwa kuchapwa, nipo nyumbani Alhamisi jioni, na chai itakuwapo.