Injini imezima, presha bado imo
Leo saiti tumetoa breka (kifaa cha kuvunjia zege) kwenye bobcat, ile mashine ndogo ya kubebea mzigo, tukafunga ndoo ya kifusi. Kijana mpya akazima injini, akaenda moja kwa moja kwenye mipira ya haidroliki, ile inayopeleka mafuta ya presha kwenye breka. Nikamzuia: mdogo wangu, presha bado imo humo! Laza breka chini itulie, zima, kisha fungua swichi bila kupiga stata, chezesha kitufe cha haidroliki huku na huku. Hapo kopla, yaani viungio vya mipira, zinaachia kwa mkono, bila nyundo.

Na jamani, uvujaji msikague kwa kidole, tumieni kipande cha boksi. Mafuta yakipenya ngozini tundu ni la sindano tu, lakini ni upasuaji wa haraka. Kabla ya kunyanyua ndoo, shuka, uone pini zote mbili zinazoishikiza ndoo kwenye mashine zimetokeza kwenye matundu yake.