Ninavyopata jimu nzuri ninapokuwa safarini mikoani

Kazi yangu ni kukagua hesabu za vyama vya ushirika vya mazao, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwaka huwa nalala ugenini: Mtwara na Masasi kwenye korosho, Mwanza na Shinyanga kwenye pamba, Mbeya na Mbozi kwenye kahawa. Kunyanyua vyuma kwangu si jambo la kutafuta umbo. Baba yangu anaishi na kisukari, na daktari alipoona sukari yangu nayo imeanza kupanda, alinieleza kwamba msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale mwili usipoitikia insulini ipasavyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima aimarishe misuli angalau siku 2 kwa juma, nami nimeazimia kwamba siku hizo hazitakatizwa na safari.

Hoteli nyingi ndogo zinazotangaza jimu huwa na chumba kimoja chenye mashine ya kukimbilia na dambeli nyepesi, ambazo hazimtoshi mtu aliyekwisha kuzoea mazoezi. Ramani ya kwenye simu nayo huonyesha kumbi za gharama za katikati ya mji, na nyingine inazoonyesha zilikwisha kufungwa. Kilichonisaidia ni kuuliza watu, tena kuuliza swali lililo sahihi. Ukimwambia dereva wa bodaboda akupeleke jimu, atakupeleka kwenye bango kubwa kuliko yote. Lakini ukimuuliza vijana wanaonyanyua vyuma hukutana wapi jioni, atafikiri kidogo, kisha atakutajia mahali penyewe. Wanaojua zaidi ni wanachama wa vikundi vya jogging, ambavyo siku hizi viko karibu kila mji na hukimbia mwishoni mwa juma alfajiri. Mwanza nilikimbia na kikundi kimoja upande wa Kirumba, na baada ya kunyoosha viungo nikamwendea mtu mzima mmoja aliyekuwa na mabega ya mnyanyuaji.

“Shikamoo, mzee. Mimi ni mgeni hapa, natafuta mahali pazuri pa vyuma.”

“Marahaba, mwanangu. Njoo jioni nikupeleke. Usilipe popote kabla hujapaona.”

Ushauri huo naufuata hadi leo. Nakwenda kukagua ukumbi saa ileile nitakayofanyia mazoezi, kwa kuwa ukumbi ulio mtulivu saa nne asubuhi waweza kuwa hauna pa kusimama saa kumi na mbili jioni. Naangalia kwanza benchi na stendi: nazitikisa, nakagua nati na sehemu zilizochomelewa, kwa sababu hapo ndipo shingo na kifua changu vitakapokuwa chini ya mzigo. Kisha naangalia chuma chenyewe, yaani ile fimbo ndefu inayovishwa uzito kwenye ncha zake. Chuma cha mashindano ya wanaume kina kilo 20, na ncha zake, zenye unene wa milimita 50, huzunguka peke yake ili kiganja kisipindwe. Nikikikuta mahali, najua mwenye ukumbi anaijua kazi yake.

Hata hivyo, sizidharau jimu za mtaani ambazo vyuma vyake ni gia za magari na saruji iliyomiminwa kwenye makopo ya rangi, na baadhi ya makocha bora niliowahi kukutana nao wanafundisha humo. Tatizo lake ni uzito. Mimi husafiri na mizani ndogo ya kuning’iniza, ile ya kupimia mabegi kabla ya kupanda ndege, na nimewahi kupima makopo mawili yaliyoandikwa kilo 20 nikakuta yanatofautiana kwa karibu kilo 3. Tofauti hiyo ikikaa upande mmoja wa chuma wakati wa kuchuchumaa, mgongo ndio unaoilipa. Kocha wa mahali hapo alifurahi, tukapima makopo yote na kuyaandika upya kwa chokaa.

Bei huzungumzika. Nauliza malipo ya siku, kisha ya juma, na sikubali kulipia mwezi mzima nisioutumia. Nauliza pia umeme ukikatika wanafanyaje, maana kunyanyua mzigo gizani ni hatari. Mwenzangu wa kike kazini huongeza swali la saa za wanawake, na katika miji kadhaa tumekuta kumbi zilizozitenga.

Mwili wa mgeni nao unahitaji kuhesabiwa. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na mimi ninayetoka Temeke, Dar es Salaam, pwani kabisa, hupumua kwa shida siku za mwanzo, kwa hiyo napunguza uzito na kuongeza muda wa kupumzika kati ya seti. Mtwara joto ndilo linaloamua, hivyo naingia kabla jua halijachomoza. Unguja, mwezi wa Ramadhani, niliwakuta vijana wakianza mazoezi baada ya tarawehe, nami nikaibadilisha ratiba yangu ifuate yao.

Kila ukumbi unaonifaa nauandika pamoja na namba ya kocha wake. Kocha wa Shinyanga ndiye aliyenielekeza kwa mwenzake wa Tabora, ninakokwenda juma lijalo, na tumekwisha kukubaliana saa na bei.